Nilivyoziba Nafasi ya Masanja

Kuna wenzangu ambao aibu zao zimeshasahaulika. Kulwa alianguka na ndoo ya maji mbele ya mkaguzi wa elimu, watu wakacheka wiki nzima, mvua ikanyesha, wakasahau. Mimi aibu yangu imepakwa rangi. Iko kwenye ukuta wa ghala la pamba la kijiji, upande unaotazama barabara ya kwenda Geita, ina macho mawili makubwa kama ya bundi, na dereva yeyote wa lori akipunguza mwendo pale penye shimo lazima aitazame, nayo imtazame. Kwa hiyo afadhali niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa mwingine (hasa kwa Kulwa, ambaye huongeza chumvi mpaka mboga hailiki).

Mimi ni Limi, darasa la saba, mtoto wa mwenyekiti wa kijiji, na kwa vichekesho sina mpinzani kuanzia kwetu mpaka Shinyanga mjini. Mimi ndiye niliyepeleka habari shuleni kwamba mkuu wa wilaya anakuja, walimu wakatufagilisha mpaka mizizi ya miti, tukangoja barabarani na matawi mikononi hadi saa tisa, akapita mzee mmoja na punda. Mimi ndiye niliyepiga kelele "Nyoka!" wakati mwalimu wa zamu yuko chooni. (Alitoka. Siwezi kusema zaidi.) Sisemi haya kwa kujisifu, ingawa kidogo najisifu, nasema kwa sababu yalikuja kunirudia siku niliyohitaji kuaminiwa.

Basi, msimu wa palizi ya pamba, baba akaleta fundi wa kuchora. Aliitwa Fundi Idi, akaja kwa baiskeli, makopo ya rangi kayafunga nyuma kwa mpira wa tairi, kofia ya kiua kichwani, mtu mrefu mwembamba wa mjini ambaye baba yake alitoka Pangani na mama yake ni Msumbwa, na akizungumza unasikia pwani na bara zinapokezana. Kazi yake ilikuwa kuchora watu wakifanya kazi pamoja, maana siku hizo wakubwa walikuwa wanapita kwenye vijiji vya ujamaa, na kijiji chenye picha ukutani kilionekana kimeamka. Baba alitaka bendera na ngumi zilizoinuliwa. Fundi Idi akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, mwenyekiti. Nipe kwanza jembe."

Tulicheka! Wiki nzima hakugusa brashi. Alfajiri anatoka na kundi kwenda shamba la kijiji, anasimama kwenye mstari, analima. Kwetu watu hulima kwa ngoma: manju anatangulia na wimbo, kundi linasimama bega kwa bega, majembe yanapanda pamoja na kushuka pamoja, na kila mlimaji ana nafasi yake kwenye mstari tangu siku aliyopokelewa kundini, hujisimamii popote unapotaka kama kwenye foleni ya sukari. Mimi haya niliyajua kwa kusikia. Siku za kulima mimi nilikuwa naumwa kichwa. (Mama alishawahi kusema kichwa changu kina kalenda.)

Wiki ya pili, mikono imemtoka malengelenge, ndipo akaanza kuchora. Alichanganya udongo mwekundu wa kichuguu, chokaa na masizi ya masufuria ya mama, pamoja na rangi zake za kopo, ya njano na ya samawati. Na akatuchorea migongo. Migongo mitupu! Ukuta mzima wa watu walioinama, majembe chini, hakuna uso hata mmoja. Lakini nawaambieni, hakuna aliyeuliza huyu ni nani. Wanawake waliokuwa wanatoka kisimani walitua ndoo wakaanza kuonyeshana vidole: "Baba Kulwa huyo, tazama bega la kushoto linavyozama." "Na huyu wa kitenge cha majani si ni wewe? Umeinama kama unatafuta sindano!" Mzee mmoja alijiona, akasimama mbele ya mgongo wake muda mrefu, kisha akasema kwa mshangao kwamba kumbe kazeeka.

Niliona wivu. Kijiji kizima kimo ukutani, hata bubu anayechunga mbuzi wa baba yumo, mimi mtoto wa mwenyekiti simo. Na mahali palikuwapo! Katikati ya mstari, kati ya Baba Kulwa na manju, palikuwa na nafasi ya upana wa mtu mmoja, ardhi tupu, hakuna kitu. Mchana mmoja nikamfuata, Kulwa yuko pembeni yangu.

"Shikamoo fundi. Na mimi nichore."

"Marahaba. Umelima na mimi?"

"Nilikuwa naumwa kichwa."

"Pole. Mimi simchori mtu ambaye sijalima naye, binti. Nitajuaje mgongo wake?"

Kulwa alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nikajitetea, "Lakini ile nafasi pale umeisahau."

Fundi Idi akaitazama ile nafasi, halafu akaendelea kuosha brashi. "Sijaisahau. Nimeikuta hivyo hivyo."

Mimi nikaona huyu naye hajui kazi. Ndipo likaingia lile wazo dogo, na ninyi wazo dogo la namna hiyo likiwaingia, likataeni kwa jina langu.

Ijumaa alienda kuswali mjini, na alisema atalala huko, atarudi kesho na chokaa zaidi. Saa saba mchana nikatoroka shule. Jua lilikuwa utosini, lile jua la kwetu la mvua iliyogoma, barabara nyeupe inakuumiza macho, kuku wote wamejificha, hata inzi hawana hamu. Makopo yalikuwa chini ya turubai nyuma ya ghala. Nikachukua brashi nene, nikapanda juu ya jiwe lake, nikaanza kujichora kwenye ile nafasi.

Sikujichora mgongo. Nani anataka kukumbukwa kwa mgongo? Nilijichora nimesimama wima, nawatazama watu, huku wenzangu wote wameinama. Kichwa kilichonyolewa kama sisi wanafunzi tunavyonyolewa. Gauni langu la njano la Saba Saba (lilipofika kiunoni nikalikatiza kwenye ardhi, maana sketi ilinishinda). Macho mawili, nikayavuta makubwa maana watu husema nina macho mazuri. Nilikuwa nimebakiza mdomo tu, nimeshachovya brashi kwenye udongo mwekundu, mkono uko hewani.

Mtu akakohoa.

Kikohozi kikavu, cha taratibu, kama mtu anayetaka umjue yupo. Na kilitoka ndani ya ghala. Ghala lilikuwa limefungwa kwa kufuli, pamba bado iko shambani, ufunguo uko kiunoni kwa baba. Nikabana pumzi. Ukuta ulikuwa wa moto chini ya kiganja changu kama paji la uso la mgonjwa. Nikajiambia ni mbuzi, mbuzi hukohoa kama mtu, kila mtu anajua. Kikohozi kikaja tena, safari hii hapo hapo, nyuma ya yale macho niliyoyachora.

Sikumbuki kushuka kwenye jiwe. Nakumbuka niko nyumbani, nimejifunika shuka saa nane mchana, na mama anauliza kulikoni, nami namwambia naumwa kichwa, naye anasema, "Kwani kesho wanalima?"

Ndiyo. Jumamosi walikuwa wanalima. Ndiyo maana asubuhi kundi zima lilipita pale ghalani na majembe begani, na ndiyo maana habari haikuchukua hata robo saa.

Wa kwanza kuona alikuwa Mama Masanja. Huyu ni jirani yetu, mjane, na Masanja alikuwa mwanawe wa pekee. Misimu miwili nyuma Masanja alikwenda Nyarugusu kuchimba dhahabu, shimo likawaangukia, wenzake wakachimba siku mbili wakapata koleo lake tu, wakalileta. Tulikaa matanga bila kaburi. Siku ya kuanua matanga ilipofika, Mama Masanja akakataa: "Nitaanuaje? Mmenionyesha koleo, hamjanionyesha mtoto." Wakamwacha. Kwa hiyo matanga yale yalikuwa bado yako wazi, mwaka wa pili, na mikeka bado imetandikwa.

Mimi nilifika mbio nikitafuna michembe ya viazi vikavu, tayari kabisa kucheka. Nilikuwa nimeshapanga na maneno ya kusema watakaponitambua. Nikakuta watu kimya, majembe yamesimama kama uzio, na Mama Masanja ametua ndoo yake, anausalimia ukuta.

"Mwangaluka, ng'wana wane," anasema kwa Kisukuma, umeamkaje mwanangu, polepole, kama unavyomsalimia mtoto aliyechelewa kuamka. "Mwangaluka."

Nikamwuliza Baba Kulwa, "Kuna nini?"

"Huoni?" akanong'ona. Mtu mzima yule, meno yanagongana. "Masanja karudi kwenye nafasi yake."

Nafasi yake! Ndipo nikaelewa kile ambacho mtoto yeyote anayelima anakijua, isipokuwa yule wa kuumwa kichwa. Kwetu mlimaji akifa, nafasi yake kwenye mstari haizibwi mpaka matanga yaanuliwe. Watu hulima na pengo lao katikati, kama mdomo uliotoka jino. Kati ya Baba Kulwa na manju pengo lile lilikuwapo misimu miwili, Fundi Idi alilima wiki nzima kwenye mstari huo huo, na akalichora kama alivyolikuta.

Na mimi nimeliziba.

"Shati lile lile la njano aliloondoka nalo," mama mmoja akasema.

"Na kichwa alikuwa amenyoa."

"Mbona hana mdomo?"

Hapo watu walirudi nyuma hatua moja, wote kwa pamoja, kama wamepigiwa ngoma. Kwetu hata mtoto anajua msukule ni nini: mtu mliyemlilia mkadhani kafa, kumbe mchawi kamficha, anamlimisha mashamba yake, na kamkata ulimi asiweze kusema yuko kwa nani. Mtu asiye na mdomo, amesimama shambani, na huyu fundi mgeni aliyekuja kutaka jembe kabla ya brashi! Mambo yakaungana yenyewe vichwani mwa watu, niliyasikia yakiungana.

Mimi nilitaka kucheka, jamani. Nilifungua kinywa. Lakini nikautazama ule uso niliouchora mwenyewe jana yake, ili nijione, na sikujiona. Nilimwona Masanja. Masanja aliyekuwa ananipakia kwenye baiskeli, aliyenifundisha kupiga mluzi mpaka mama akamtishia kwa mwiko kwamba anamharibia binti. Macho yale yalikuwa yake. Na kila niliposogea kushoto yalikuja kushoto.

Nikafunga kinywa. Huo ndio ujinga wangu wa pili, nao ulikuwa mkubwa kuliko wa kwanza.

Fundi Idi akarejea saa nne, mfuko wa chokaa begani, anaimba. Vijana walimshusha kwenye baiskeli kabla hajafika. Chokaa ikapasuka, akawa mweupe mzima kama mtu wa jando, na majembe yakamzunguka.

"Mtoto wa watu umemweka wapi?"

"Mtoto yupi?"

Wakamgeuza kwa nguvu akatazama ukuta. Nilimwona akiona. Alikunja uso, si kwa hofu, alikunja kama mwalimu anayesoma insha mbaya. "Huyu sikumchora mimi," akasema.

"Kajichora mwenyewe?" mmoja akauliza, na hakuna aliyecheka, na mimi nikadhani kwamba siku ile hakuna mtu angecheka tena kijijini kwetu.

Baba aliingia katikati akiwa na kaptula na fulana tu, akawasukuma vijana, akafungua ghala, akamtia fundi ndani ili wasimguse. Nilichungulia mlango ulipofunguliwa. Ghala lilikuwa tupu. Vumbi la sakafuni lilikuwa laini kama unga, bila alama ya kwato, bila alama ya kitu chochote. (Kwa hiyo yule mbuzi wangu mniambie aliingilia wapi.)

"Jua likifika utosini," vijana wakamwambia baba, "awe amesema. Asiposema tunaingia, mwenyekiti, na wewe utupishe."

Mama Masanja hakuwa anasikiliza. Alikuwa amekwenda nyumbani akarudi na bakuli: ugali wa mtama na nsansa, ile mboga ya majani ya kunde yaliyokaushwa, moto bado. Akaliweka chini ya ukuta, akakaa. Kisha akamwambia baba amlete fundi mlangoni, na fundi alipoletwa akamwinamia, mwanamke mzima, akamshika miguu yenye chokaa.

"Baba, mimi sikushtaki. Sitaki kujua ulimpata wapi. Mchoree mdomo tu. Aniambie yuko wapi, nimfuate. Na njaa inamwuma, huoni?"

Fundi Idi alichuchumaa akamwinua. "Mama," akasema, "siwezi."

"Unaweza! Umewachora hawa wote."

"Hawa nimelima nao. Mwanao sikuwahi kulima naye. Nikimpa mdomo nitakuwa nimekudanganya."

Watu wakaguna vibaya. Hata mimi nilitamani amdanganye tu, brashi moja, kila mtu aende nyumbani! Mtu mmoja akapiga kelele, "Basi sema nani kamchora!"

Fundi Idi akaanza kututazama, mmoja mmoja, taratibu, mpaka akanifikia mimi. Akashuka na macho mpaka kwenye kiwiko changu cha kulia. Nikajitazama. Rangi ya njano, imekauka, upana wa kidole gumba, na inang'aa kama taa.

Nikangoja aseme. Hakusema. Alinitazama mpaka nikahisi kile kiwiko kinaungua, kisha akageuka. "Aliyemweka pale ndiye anajua," akasema, na akarudi mwenyewe ndani ya ghala, akajivutia mlango.

Kivuli changu kilikuwa kimeshafupika kufika miguuni.

Nikasema, "Ni mimi."

Hakuna aliyegeuka. Nikasema tena, kwa nguvu, sauti ikapasuka ikatoka kama ya jogoo mchanga: "Ni mimi! Nimejichora mimi! Yule ni mimi!"

Baba alinijia kidole kikiwa juu. "Limi. Leo si siku ya mchezo."

"Si mchezo, baba."

"Na mkuu wa wilaya anakuja, siyo?" mwalimu wa zamu akadakia (naye alikuwapo, kulipiza kisasi chake cha chooni). "Na nyoka yuko wapi leo, Limi?"

"Mtoto huyu mdomo wake haujawahi kupitisha kweli," akasema manju, na wazee wakatikisa vichwa. Nikaonyesha kiwiko. Wakasema nimeegemea ukuta. Nikasema yule ni mimi, tazameni macho. Wakasema yule ni mwanamume, nimkome marehemu. Nilikuwa nalia sasa, kamasi zinashindana, mimi Limi niliyeliza wengine kwa kicheko, na watu wamenipa kisogo kwa sababu siku moja ya ukweli haikutosha kulipa siku zote zile za uongo.

Nikakimbia nyumbani kuchukua ushahidi. Gauni la Saba Saba lilikuwa chini ya sanduku, nalo nilikuwa nimeshalizidi umri, lakini nililivaa hivyo hivyo, kichwa kimekwama, mkono mmoja umetokea shingoni, na nilipokuwa narudi mbio lile gauni likaachia mshono kuanzia kwapani mpaka kiunoni, kraaa, mbele ya kijiji kizima, na Kulwa yuko pale, na watoto wote wa darasa la kwanza hadi la sita ambao mimi ni kiranja wao. Nikashikilia kipande kwa mkono mmoja. Nikapanda jiwe. Nikageuka, nikasimama wima kando ya ile picha, kichwa changu karibu na kichwa chake, nikayatoa macho kama nilivyoyachora, na kwa ule mkono uliobaki nikaziba mdomo.

Mwanzoni wakacheka. Kicheko kikubwa, na mimi nikakishukuru kama mvua. Kisha kikaanza kukatika, hapa mmoja, pale mmoja, mpaka kikaisha, maana walikuwa wanatazama picha, wananitazama mimi, wanatazama picha. Njano ile ile. Kichwa kile kile kipara. Nikasimama pale jua likinipiga, ukuta unachoma mgongo wangu ulio wazi, na naapa kwa mama yangu nilihisi pumzi shingoni.

Mama Masanja akainuka. Akaja mpaka kwenye jiwe, akanishusha kama unavyomshusha mtoto kitandani, akauondoa mkono wangu mdomoni. Viganja vyake vilikuwa na harufu ya moshi.

"Sema," akaniambia.

"Ni mimi, mama. Nilijichora mimi. Nilidhani pamesahaulika tu. Masanja hayumo."

"Hayumo?"

"Hayumo, mama."

Alinitazama kwa muda ambao sitaki kuukumbuka. Sikuogopa kupigwa, kupigwa nimezoea. Niliogopa kwa sababu niliona kitu kinazimika ndani ya macho yake, na kibiriti alikuwa amekiwasha nani kama si mimi? Misimu miwili wazee na masheikh na mapadre walishindwa kumwambia kwamba mwanawe hayupo, na sasa ameambiwa na mtoto mwenye gauni lililochanika.

Kisha akainama, akaliokota lile bakuli.

"Basi kula wewe," akasema. "Mimi nimepikia mtu."

Nilikula. Mbele ya kijiji kizima, kwa mkono mmoja, huku wa pili umeshika gauni, chakula cha marehemu, tonge kwa tonge, na hakuna aliyeniambia inatosha mpaka bakuli likabaki jeupe. Nsansa ile ilikuwa tamu, na hilo ndilo lililonitia aibu kuliko gauni. Nilipomaliza, Mama Masanja akalifuta bakuli kwa upindo wa kanga yake, akamwambia baba, "Mwenyekiti, kesho njooni mwanue matanga."

Fundi alifunguliwa, vijana wakamwosha chokaa wakiwa hawamtazami usoni. Mimi nilifikiri nitachapwa mambo yaishe. Lakini wazee wa kundi walikaa dakika tano tu, kisha manju akatangaza hukumu: aliyeiziba nafasi ukutani akaizibe na shambani. Msimu mzima! Tangu Jumatatu yake, kila alfajiri kabla ya shule, nikawa nasimama kati ya Baba Kulwa na manju, jembe la Masanja mkononi (mpini mrefu, ulikuwa umelainishwa na mikono yake), na kichwa, cha ajabu, hakikuuma tena hata siku moja.

Fundi Idi alibaki siku tatu zaidi kumalizia ukuta, na kila asubuhi alilima kwenye mstari huo huo na mimi. Baba alimwagiza aifute ile takataka yangu. Mama Masanja akakataa, akasema iachwe, nafasi imeshazibwa basi.

Siku ya nne fundi alikuwa anafunga makopo kwenye baiskeli aondoke, mchana, jua la utosi. Nikapita pale kutoka shule, jembe la asubuhi bado begani. Nikautazama ukuta, na jembe likanidondoka.

Ile picha ilikuwa na mdomo.

Mdomo mdogo, umechongoka kidogo mbele, kama wa mtu anayepiga mluzi.

Nikamkimbilia fundi huku nimefurahi nusu na kuogopa nusu. Nikamshukuru. Nikamwambia amenitendea wema, sasa tumelima pamoja siku tatu, mgongo wangu anaujua, kweli ameniona nastahili. Fundi Idi akasimama na mpira wa tairi mkononi, akaenda mpaka ukutani, akausogelea ule mdomo, akaugusa kwa kidole. Akakitazama kidole. Kilikuwa kikavu.

"Wewe nimelima na wewe," akasema hatimaye. "Huyu sijalima naye."

Akapanda baiskeli, na kofia yake ilipomdondoka pale penye shimo hakurudi kuiokota.

Nilimwuliza Mama Masanja kama ni yeye, kwa masizi labda. Akasema alidhani ni mimi. Baba hajui kushika hata kalamu ya risasi vizuri. Kulwa nilimbana mpaka akalia. Kwa hiyo sijui, na nimeamua kutokujua.

Brashi sishiki tena, hata ya viatu. Nikikuta mahali pameachwa wazi, kwenye benchi, kwenye foleni, kwenye mstari wa daftari, nauliza kwanza ni pa nani. Vichekesho bado nafanya, siwezi kuacha vyote kwa mpigo, ila saa saba mchana nikilazimika kupita pale ghalani napita upande wa pili wa barabara, nimeshika kichwa, na nasema kwa adabu zangu zote, "Shikamoo, kaka Masanja." Halafu naongeza mwendo, kabla sijaitikiwa.